Mcheri Wako Hauchanui? Soma Dalili Kabla ya Kushika Msumeno

Mcheri ukikosa maua Aprili, chunguza kwanza Julai iliyopita. Matumba ya maua hutengenezwa katika kiangazi cha mwaka uliotangulia, majani yakiwa bado ya kijani mtini. Kisha hulala miezi yote ya baridi, na huamka tu baada ya kupata baridi ya kutosha na baadaye joto. Kila hatua hapo ina namna yake ya kuharibika na alama yake inayobaki mtini. Kwa hiyo anza kwa kukumbuka. Mvua ya kiangazi ilinyesha au haikunyesha? Nani alipogolea, na mwezi gani? Baridi ilikuwa kali, au ilikuja ikiondoka? Ukishajibu hayo ndipo ufikirie mbolea.

Ninazungumzia micheri ya maua ya Kijapani, yaani sakura, ile inayopandwa mitaani na uani huko Ulaya, Marekani na Kanada, ambako Waswahili wengi wanaishi nayo mlangoni. Kwa kuanzia zijue aina mbili. Somei-Yoshino ina petali tano, rangi karibu nyeupe, na huchanua kabla ya majani kutoka. Ndiyo iliyozunguka bwawa la Tidal Basin jijini Washington. Kanzan ina maua mazito ya petali nyingi, rangi ya waridi iliyokolea, na huchanua baadaye, pamoja na majani machanga yenye rangi ya shaba. Ndiyo inayofunika mtaa wa Heerstraße mjini Bonn, mji ambao watangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle wanautembea kila siku. Wengi wanaolalamika kuwa mti wao umechelewa wana Kanzan, na wanaulinganisha na Yoshino ya jirani.

Majani tele, maua hakuna hata moja

Anza na umri. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kwenye shina la mti mwingine, huanza kuchanua ndani ya miaka michache tangu kupandwa. Uliooteshwa kwa mbegu utakusubirisha sana. Kama mti wako ni mdogo na unarefuka kwa kasi, hauumwi. Uache ukue.

Kama zamani ulikuwa unachanua na sasa umeacha, mshukiwa wa kwanza ni msumeno. Matumba ya mcheri hukaa kwenye vijiti vifupi vya zamani na kwenye machipukizi ya mwaka uliopita. Anayepogolea Novemba au Februari ili mti uwe nadhifu anatupa maua ya Aprili kwenye pipa la taka. Tumba la ua ni nene na la mviringo, mara nyingi yakiwa mawili matatu pamoja. Tumba la jani ni jembamba na limechongoka. Ukilijua hilo, hata wakati wa baridi unaweza kusimama chini ya mti na kujua msimu ujao utakuwaje.

Uingereza na nchi za jirani, mcheri hupogolewa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, siku ya ukavu. Sababu si maua peke yake. Kidonda kinachokatwa wakati wa unyevu na baridi huingiza ukungu unaogeuza majani kuwa na rangi ya fedha, Chondrostereum purpureum, pamoja na bakteria wa kidonda cha gome, Pseudomonas syringae. Hao wawili wameua micheri mingi iliyokuwa na afya njema kabla ya kukatwa.

Wajapani wana msemo wa zamani unaomwita mpumbavu yule anayekata mcheri, na mpumbavu vilevile yule asiyekata mplamu wao uitwao ume. Msemo huo ukirudiwa sana, watu hudhani mcheri hauguswi kabisa. Nenda Hirosaki, mkoa wa Aomori, uone. Aomori ndiyo ghala la matofaa la Japani, na watunzaji wa bustani ya kasri la Hirosaki walichukua ufundi wa kupogolea mitofaa wakautumia kwenye micheri: kuondoa matawi yaliyozeeka, kuchochea machipukizi mapya, kupaka dawa kila kidonda, kisha kuulisha mti kwa mbolea. Wenyewe hupogolea mwishoni mwa baridi, kinyume kabisa na Waingereza, lakini wanajua wanakata nini na hawaachi kidonda wazi. Matokeo yake ni kwamba Yoshino, mti ambao kwingine hudhoofika baada ya miongo mitano au sita, pale umevuka miaka 100. Ipo iliyopandwa mwaka 1882 ambayo bado inachanua. Maua yao kwa kila tumba ni mengi kuliko ya kwingine. Kwa hiyo kukata kunaruhusiwa. Kinachoua mti ni kukata ovyo, na hasa kukata kigogo cha tawi nene na kuacha kisiki.

Sababu nyingine za majani bila maua nitazipitia haraka. Kivuli: mcheri unataka jua kwa saa sita au zaidi kwa siku, na jengo lililoinuliwa upande wa kusini miaka mitatu iliyopita linaweza kuwa ndilo kisa chote. Naitrojeni: mti uliosimama katikati ya nyasi hula mbolea ya nyasi, na mbolea ya nyasi ni ya majani. Ukame wa Agosti: matumba hayakuumbwa, basi. Mwaga maji mengi mara moja kwa wiki wakati huo, badala ya kidogo kila jioni.

Halafu kuna wezi. Uingereza, kati ya Januari na Machi, yuko ndege mdogo mnene mwenye kifua chekundu na mdomo mfupi, bullfinch, anayekula matumba moja baada ya jingine huku akidondosha maganda. Japani ana ndugu yake, aitwaye uso kwa Kijapani, mwenye tabia hiyohiyo. Alama yake ni vipande vya maganda ya matumba vilivyotapakaa chini ya mti, na matawi yaliyo wazi katikati lakini yenye maua machache nchani. Mbolea haitibu ndege. Kwa mti mdogo, funika kwa wavu. Kwa mti mkubwa, kubali kugawana naye.

Matumba yalivimba, yakaonyesha rangi, kisha yakawa ya kahawia

Hii ni jalidi, na inauma kuliko nyingine zote kwa sababu ulikwisha kuyaona maua yanakuja.

Tumba lililolala linastahimili baridi kali sana. Likianza kuamka, ustahimilivu huo hupungua siku hadi siku. Linapokaribia kufunguka, hali ya hewa ikishuka kiasi cha nyuzi 3 chini ya sifuri za Selsiasi maua huanza kufa, na ikifika 4 au 5 chini ya sifuri karibu yote yamekwenda. Yaani hatari haiko Januari. Iko katika usiku mmoja wa Machi uliofuata wiki mbili za joto.

Washington ilipata somo hilo mwaka 2017. Februari ilikuwa ya joto lisilo la kawaida, Yoshino zikaamka mapema, na katikati ya Machi baridi ikarudi. Takriban nusu ya maua ya Yoshino yakafa. Yaliyokuwa nyuma kidogo yakanusurika, na kilele kikatangazwa tarehe 25 Machi, kikiwa pungufu. Kanzan, zilizokuwa bado zimelala, zilichanua Aprili kama kawaida. Ukiwa na uwanja wa miti miwili, hapo pana sababu nzuri ya kupanda aina mbili tofauti.

Kipimo ni rahisi. Chuma matumba matano kutoka urefu tofauti wa mti, yapasue kwa wembe kutoka juu hadi chini. Katikati pakiwa kijani au pinki, yapo hai. Pakiwa peusi au kahawia, yamekufa, hata kama ganda la nje linaonekana zima. Pima kabla ya kuita wageni.

Dawa? Mti wa mita mbili unaweza kuufunika kwa shuka au turubai jioni, ufike hadi chini ili ushike joto la ardhi, na kuufunua asubuhi. Mti wa mita nane hauna dawa, na anayekuuzia ya kupulizia anataka hela yako. La maana lilikuwa mahali pa kupanda. Bondeni ndiko hewa baridi hutuama. Ukuta unaopigwa na jua la mchana nao huuamsha mti mapema kabla ya wenzake. Sehemu zote mbili ni za kuepuka.

Ipo na miaka ambayo sababu ni mchanganyiko tu wa joto na baridi usioeleweka kwa mti. High Park ya Toronto, ambako Yoshino za kwanza zilitolewa zawadi na Wajapani mwaka 1959, mwaka 2016 ilipita bila kilele cha maana. Miti ilitoa majani, ikaendelea na maisha, na mwaka uliofuata ikachanua. Kama mti wako umekosa mwaka mmoja na hauna alama nyingine yoyote ya ugonjwa, usiufanye lolote.

Maua yalifunguka vizuri, yakanyauka yakabaki yamening'inia

Ua la mcheri linalokufa kwa wakati wake huanguka petali kwa petali, safi. Ua linalogeuka kahawia na kushikilia kijiti kama limegandishwa lina ukungu wa Monilinia. Huupenda mwaka wa manyunyu wakati wa maua. Baada ya wiki moja au mbili kijiti chenyewe hunyauka kutoka nchani, na pengine tone la gundi hutokea pale kilipoungana na tawi. Kata hadi kwenye sehemu ya tawi isiyo na ugonjwa, zoa vilivyoanguka, vitoe nje ya uwanja. Usiviweke kwenye rundo la mboji. Ukungu hulala humo humo kwenye vijiti na maua makavu, ukisubiri manyunyu ya mwaka ujao.

Upande mmoja maua ni tofauti, au matawi yamesimama wima kwenye mti unaoinama

Yoshino nyingi duniani zimebebeshwa, na asili yao wote ni mti mmoja. Kanzan vilevile ni ya kubebeshwa. Chini ya kovu la kubebeshea pana mti mwingine wenye nguvu zaidi, mara nyingi mcheri mwitu wa Ulaya, Prunus avium, ambao una maua meupe ya petali tano na kiu ya kurefuka. Ukiuacha utoe machipukizi, hula chakula cha wa juu. Baada ya miaka kadhaa mwenye mti anashangaa kwamba waridi imekuwa nyeupe.

Kisa hiki ni cha kawaida sana kwa micheri inayoinama, ile inayouzwa kwa ajili ya uani mwa mbele. Kovu lake mara nyingi liko juu, kichwani mwa shina, si chini. Tawi lolote linalotoka chini ya kovu na kwenda juu moja kwa moja si la mti ulionunua. Ling'oe lingali changa, kwa mkono, pale pale linapoanzia. Likikatwa katikati hurudi matatu. Kama linatoka ardhini, fukua hadi kwenye mzizi.

Tawi moja limejaa majani wakati mengine yana maua

Tazama kwa mbali. Ukiona fundo la vijiti vingi vyembamba vilivyobanana, na wakati wa maua fundo hilo lina majani ya kijani tu, huo ni ugonjwa wa Taphrina wiesneri. Yoshino huupata sana. Ukungu wake huvuruga ukuaji, tawi linatoa vijiti bila mpango na kusahau maua. Ukiacha, mafundo huongezeka mwaka hadi mwaka, na mti mzima unaweza kuishia majani. Kata sentimita kadhaa chini ya uvimbe mti ukiwa hauna majani, upake kidonda dawa. Huu ndio ugonjwa ambao macho yako ni bora kuliko duka lolote la dawa, kwa sababu wakati wa maua unajitangaza wenyewe.

Gundi ya rangi ya kaharabu inatoka kwenye shina

Gundi peke yake si ugonjwa. Mcheri hutoa gundi kila unapoumizwa, hata na mashine ya kukatia nyasi. Swali ni kuna nini pamoja na gundi.

Gundi na gome lililobonyea, lenye rangi nyeusi, na tawi la juu yake linalokosa kuamka majira ya kuchipua: bakteria wa kidonda cha gome. Kata kiangazi hadi ufikie mti msafi. Kama kidonda kimezunguka shina kuu, mti huo haurudi.

Gundi kwenye shina karibu na ardhi, udongo ukiwa na maji yaliyotuama: mizizi inaoza. Mcheri hauwezi miguu kukaa majini. Tidal Basin ni mfano wa wazi kuliko wote. Ukuta wa bahari ulizama kwa miongo, maji ya kujaa yakawa yanapanda mpaka kwenye mizizi ya miti iliyo ukingoni, na miti hiyo ikafa pole pole. Mmoja, uliopewa jina la Stumpy kwa sababu ulibaki shina tupu lenye vitawi vichache vya maua, ulipata mashabiki wengi kuliko miti yote yenye afya. Ulikatwa mwaka 2024 pamoja na zaidi ya micheri 100 mingine ili ukuta ujengwe upya, baada ya kuchukuliwa vipandikizi vya kuuendeleza. Japani ikaahidi miti 250 mipya. Kwenye uwanja wako huhitaji ukuta. Panda juu ya tuta, na usirundike udongo au matandazo kwenye shina.

Gundi, au hata bila gundi, pamoja na unga wa mbao unaomwagika kutoka kwenye tundu: bungua. Hapa usicheze. Japani tangu 2012 inapambana na mbawakawa mweusi mwenye shingo nyekundu, Aromia bungii, ambaye funza wake hula ndani ya shina miaka miwili au mitatu. Unga wake hutoka umeshikana, na hulundikana chini ya mti. Amekwisha kuonekana Ujerumani na Italia pia, na Umoja wa Ulaya umemweka kwenye orodha ya wadudu ambao lazima waripotiwe. Ukimwona, mpige picha, mkamate ukiweza, na uwaarifu watu wa afya ya mimea wa mji wako. Usikate mti na kusafirisha kuni zake, maana ndivyo anavyohama.

Kwa hilo, Wamarekani wanakumbuka mbali. Miti 2,000 ya kwanza kutoka Japani ilifika Washington Januari 1910. Wakaguzi wakakuta wadudu, minyoo ya mizizi na magonjwa, na yote ikachomwa moto mwezi huohuo kwa idhini ya Rais Taft. Ingeweza kuwa fedheha ya kidiplomasia. Meya wa Tokyo, Yukio Ozaki, akatuma mingine 3,020, iliyooteshwa kwa uangalifu zaidi, na miwili ya kwanza ikapandwa tarehe 27 Machi 1912. Ukinunua mche, utoe kwenye chungu utazame mizizi kabla ya kulipa. Vinundu vikubwa kama mawe kwenye shingo ya mzizi ni sababu ya kuurudisha.

Majani yana matundu na yanapukutika Agosti

Vidoa vya zambarau, kisha matundu, kisha njano, kisha yanaanguka: ukungu wa majani au bakteria, na miaka ya mvua haiepukiki. Mwaka mmoja hauui mti. Zoa majani yaliyoanguka, kwa sababu ndiyo makazi yao ya baridi. Nchani majani yakijikunja na kunata, hao ni vidukari weusi. Wasumbufu, si wauaji.

Ila angalia kinachofuata.

Maua Oktoba

Watu wanaogopa. Wengine wanasema ni dalili ya mwisho wa dunia. Sababu mara nyingi ni yale majani yaliyopukutika mapema. Wakati wa kiangazi majani hupeleka kwenye matumba homoni inayoyaambia yaendelee kulala. Dhoruba au ugonjwa ukiyaondoa majani kabla ya wakati, amri hiyo inakatika, na siku za joto za Oktoba zinayadanganya matumba kwamba ni majira ya kuchipua. Ndivyo ilivyotokea sehemu nyingi za Japani mwaka 2018 baada ya vimbunga. Maua yaliyotoka yametoka, hayatarudi Aprili. Lakini huwa ni machache, na mti hauhitaji matibabu. Kwanza hakikisha mti wako si wa aina ya Autumnalis, ambao kazi yake hasa ni kuchanua kidogo kidogo kuanzia Novemba hadi Machi.

Mti uko Nairobi, Arusha au Lushoto na haujawahi kuchanua

Hautachanua ipasavyo, kama ni Yoshino au Kanzan.

Tumba lililolala huhesabu baridi. Linahitaji wiki nyingi za hali ya hewa iliyo karibu na nyuzi 5 ili usingizi wake ukatike. Hata Japani kwenyewe, kusini mwa Kyushu, baridi ikiwa dhaifu maua huchelewa au hutoka kwa mafungu badala ya kuwahi. Sasa linganisha na Nairobi, ambako usiku wa Julai unakupa nyuzi 11 au 12 na mchana unazidi 20. Mti unaishi, lakini hauamki vizuri: majani yanatoka nchani tu, matawi yanabaki matupu katikati, na ua moja hapa, moja pale, mwezi wowote.

Na kama ulinunua "mbegu za sakura" kwenye mtandao, pole. Yoshino haipatikani kwa mbegu, kwa kuwa kinachoota kwenye mbegu yake ni mti mwingine wenye sura yake. Wale wanaouza mbegu za cheri zenye maua ya bluu wanauza picha.

Zipo aina zinazotosheka na baridi kidogo. Prunus campanulata, wenye maua ya waridi kali yanayoning'inia kama kengele, huchanua Okinawa Januari. Huko wimbi la maua huenda kinyume na Japani nzima: linaanza kaskazini na juu milimani, likishuka kusini na bondeni, kwa sababu kinachongojewa ni baridi, si joto. São Paulo, katika Parque do Carmo, jamii ya Wabrazili wenye asili ya Japani hutazama maua Agosti kwa kutumia aina za namna hiyo. Kwa nyanda za juu kama Limuru, Njombe au Usambara, hiyo ndiyo aina ya kujaribu, tena sehemu ya juu yenye baridi ya usiku. Wakulima wa matofaa huko Batu, Indonesia, hunyofoa majani yote kwa mkono ili kuulazimisha mti uchanue, na mbinu hiyo inategemea kanuni ileile ya maua ya Oktoba. Kwa mti wa mapambo ni kazi kubwa kwa maua machache.

Ukitaka maua ya rangi ya waridi Nairobi bila jasho, Calodendrum capense ni wa kwetu, na ukichanua hufunika kichwa kizima. Jamaa halisi wa mcheri katika misitu yetu, Prunus africana, una maua madogo meupe ambayo utayapita bila kuyaona. Sifa yake iko kwenye gome, linalotengenezewa dawa ya tezi dume, na kwa sababu hiyo biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu miaka ya 1990.

Maua hayana harufu, hayazai cheri, na yananipigisha chafya

Mawili ya kwanza si hitilafu. Kanzan imegeuza sehemu zake za uzazi kuwa petali. Yoshino haichavushwi na Yoshino nyingine, kwani zote ni mti mmoja. Ikipata chavua ya aina nyingine huzaa vitunda vidogo vichungu vya ndege. Chafya haitokani nayo, maana chavua ya mcheri ni nzito na hubebwa na nyuki. Kinachokusumbua ni miti inayochanua wakati huohuo bila kuonekana, kama birch na mwaloni, au msugi, mwerezi wa Kijapani, kama uko Japani.

Umekata tiketi, umefika, hakuna kitu

Kwanza jua neno lililokuleta. Japani, kutangazwa kwa kuchanua ni maua matano au sita tu kwenye mti wa kipimo. Tokyo mti huo uko katika hekalu la Yasukuni. Kuchanua kikamilifu ni asilimia 80, na hufuata baada ya wiki moja hivi. Washington, kilele ni siku ambayo asilimia 70 ya maua ya Yoshino ya Tidal Basin yamefunguka. Anayesoma "sakura zimechanua Tokyo" na kuruka siku hiyohiyo anaweza kukuta matawi ya kahawia.

Usiamini tarehe ya mwezi mzima kabla. Kilele cha Washington kimewahi kuwa tarehe 15 Machi, mwaka 1990, na tarehe 18 Aprili, mwaka 1958. Wenyewe wanaohusika na bustani husema utabiri wa zaidi ya siku 10 ni bahati nasibu. Kwa Tokyo, wapenzi wa maua wana hesabu ya mkono: kuanzia tarehe 1 Februari jumlisha joto la juu la kila siku, na jumla ikikaribia nyuzi 600 maua ya kwanza yako mlangoni. Kwingineko, tazama vikonyo. Vikianza kurefuka na kuyatenga matumba, zimebaki siku za kuhesabu, na matumba yakiwa meupe yaliyovimba, panga safari leo.

Ukikuta petali zimefunguka, angalia kitovu cha ua. Kikiwa cha kijani au njano, una muda. Kikiwa kimekuwa chekundu, upepo mmoja unatosha kuyamaliza. Siku za baridi na utulivu hurefusha msimu. Joto la ghafla huukata. Picha zako zikitoka na maua ya kijivu, simu imedanganywa na mwangaza wa anga, kwa hiyo gusa ua kwenye kioo na uongeze mwanga. Usitafute waridi ya matangazo kwenye Yoshino. Na usikanyage chini ya miti: udongo uliogandamizwa na maelfu ya miguu hukosa hewa, na mwenye kulipa ni mizizi, miaka kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka sababu.

Ukichelewa Yoshino za Washington, rudi baada ya wiki mbili kwa ajili ya Kanzan za East Potomac Park. Bonn iko katikati ya Aprili hivi, na pita Heerstraße asubuhi ya siku ya kazi, si Jumamosi. Toronto ni mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, sawa na Hirosaki kwa takriban. Na Hokkaido mara nyingi hungoja hadi mwisho wa Aprili au Mei.